Mkono Umepona, Msimwambie Shangazi

Mtu amwombe Mungu kitu miezi minane, apewe, kisha anune. Huyo ana kasoro kichwani, na huyo ni mimi.

Ilikuwa Jumanne, hospitalini Neiafu, mji wa kisiwa chetu, katika kile chumba chenye mipira na taulo. Dada wa mazoezi ya viungo aliupima mkono wangu wa kulia kwa rula yake ya plastiki. Akaukunja mbele, akaukunja nyuma, akanigeuza kiganja kikaangalia juu. Akaandika, akapima tena, kisha akatabasamu hadi ufizi ukaonekana. Aliniambia tumefika mwisho. Bamba la chuma limetulia, mfupa umeshika. Siku za mvua nitausikia, na hautakunjika tena kama ule wa zamani, lakini kwa kusuka, kufua na kubeba mtoto unatosha kabisa. Kuanzia leo, akasema, sihitaji tena mtu wa kunisukumia mkono. Nikamshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la kusubiria basi, nikalia.

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja basi walinipa pole. Walidhani nimeambiwa mkono unakatwa.

Ngoja nieleze, nisije nikaonekana mwendawazimu bure.

Mwezi wa tatu niliteleza. Mama na mimi tulikuwa tunatoa baharini matita ya majani ya mkadi, tuliyoyaloweka siku kadhaa ili yawe meupe ya kusukia mikeka. Na mimi, kwa sifa zangu, nikataka kubeba mawili wakati Mama anabeba moja. Jiwe lenye utelezi likanipeleka chini. Nilijikinga na mkono, nikasikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu yenyewe. Aliyenifikia kwanza hakuwa Mama. Alikuwa fundi wa injini za mashua, aliyekuwa amelala chali chini ya boti ya jirani, mtu ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu, na mara zote mbili nikajifanya sijamwona. Anaitwa Folau. Aliufunga mkono wangu kwenye ubao kwa shati lake, akanibeba hadi kwenye gari la samaki, akaendesha njia nzima bila kusema neno, isipokuwa kwenye mashimo. Kila shimo aliniambia pole. Barabara yetu ina mashimo mengi, kwa hiyo siku ile nilipewa pole za mwaka mzima.

Nikafanyiwa upasuaji: bamba moja, skrubu saba, kisha wiki sita ndani ya plasta. Plasta ilipokatwa sikuutambua mkono wangu. Ulikuwa mwembamba, una magamba, vidole vimevimba, na ukiuambia geuka, haugeuki. Dada wa mazoezi akasema kazi ndiyo kwanza inaanza. Kila siku mtu aushike mkono, ausukume taratibu hadi pale unapokataa, aushikilie hapo kwa hesabu ya thelathini, na arudie, kwa miezi. Kisha akamgeukia Folau, aliyekuwa ametuleta na gari, akamwonyesha jinsi ya kushika. Alidhani ni mume wangu. Mama aliona aibu kumsahihisha mtu wa hospitali, na Folau naye akaona aibu. Mimi nilikuwa na maumivu, aibu sikuwa nayo.

Nyumbani Mama alijaribu siku mbili. Nikipiga kelele anaachia, anaanza kulia kunizidi mimi mwenye mkono. Kaka yangu Maka hakuwezekana. Kwetu kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawakai hata chumba kimoja, sembuse kushikana mikono. Baba alishafariki. Akabaki mtu mmoja tu aliyefundishwa kazi hiyo, na hapo ndipo Shangazi Kalolaine alipoingia.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Kwetu, cheo hicho hakina mpinzani. Kwenye harusi na kwenye msiba yeye ndiye anayekalishwa mbele, yeye ndiye anayechagua mkeka anaoutaka, na binti wa kaka yake haolewi mpaka yeye aseme. Alimwita Folau sebuleni, akamkalisha chini, akamhoji kama polisi. Kila jibu lilimridhisha isipokuwa moja. Folau hakuwa na watu. Mama yake alishakufa, bibi aliyemlea huko Niuatoputapu naye alishakufa, na ndugu waliobaki wako kisiwa ambacho meli huenda mara moja kwa mwezi, bahari ikipenda.

"Sikiliza, kijana," Shangazi akamwambia. "Utakuja saa kumi, na mimi nitakuwepo. Utasukuma mkono, utaondoka. Binti huyu simwozi kwa mtu asiye na watu. Ukimkosea, sisi tukamshtakie nani? Kwa hiyo hutamtongoza chini ya paa hili. Na siku mkono utakapopona, tutakushukuru, utakwenda zako. Tumeelewana?"

Folau akasema wameelewana. Akatoa neno lake mbele yangu, bila hata kunitazama.

Basi akawa anakuja, kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi kamili, mikono imesuguliwa kwa sabuni mpaka imekuwa myekundu na bado inanukia dizeli. Shangazi anakaa katikati yetu na pepeo lake, anahesabu. Mwanzoni alikuwa akihesabu thelathini kama anayefukuzwa na mbwa. Folau habishi. Anausukuma mkono wangu huku akiuangalia kwa makini, ananiuliza wapi panauma, ananipaka mafuta ya nazi kwenye kovu kwa kidole gumba, polepole, kwa kuzunguka, kama alivyoelekezwa. Mwezi wa saba, baridi ilipoingia na yale machuma yakawa yananiuma hadi begani, alikuja na chupa ya maji ya moto aliyoishonea mfuko mwenyewe. Ulishonwa vibaya sana. Ninao mpaka leo.

Siku nilipoinua kikombe cha chai bila kumwaga, Folau alisimama ghafla akatoka nje. Nilidhani nimemuudhi. Baadaye Mama akaniambia alimwona nyuma ya tangi la maji, anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Sasa niambieni, ningefanyaje? Nilimpenda. Nilimpenda mpaka ikifika saa tisa na nusu nilikuwa siwezi kuongea na mtu kwa akili. Yeye hakusema kitu. Mara moja moja macho yetu yalikutana juu ya ule mkono, akayaondoa haraka kama aliyeshika sufuria la moto.

Ndiyo maana mwezi wa kumi, nilipohisi mkono umelegea na unageuka wenyewe bila maumivu, nilifanya jambo la kipuuzi. Nilianza kuukaza. Folau akisukuma, mimi nakaza. Shangazi akiuliza, nasema bado. Wiki baada ya wiki, bado. Na Jumanne ile niliposhuka kwenye basi, macho mekundu, Mama na Shangazi wakaniuliza hospitali wamesemaje, nikafungua mdomo nikasema wamesema bado kidogo, labda mpaka mwakani.

Kesho yake Folau akaja. Akakaa, akaushika mkono, akaanza kusukuma. Shangazi alikuwa amehesabu hadi sita au saba, ndipo nguruwe wa jirani akaingia kwenye bustani ya magimbi. Akachukua fagio akatoka mbio, akituacha peke yetu kwa mara ya kwanza tangu siku ya gari la samaki.

Folau hakuuachia mkono. Ila aliacha kusukuma.

"Umekaza," akasema kwa sauti ya chini.

"Unauma."

"Hauumi, Lesieli. Ukiumia unakunja vidole vya mguu wa kushoto. Hujavikunja tangu mwezi wa kumi."

Damu ikanipanda usoni. Nikautazama mguu wangu kana kwamba ndio umenisaliti.

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Wiki tano zote hizo?"

"Sita."

"Ukanyamaza, ukaniacha nihangaike kukaza mkono kila siku kama mjinga? Unajua jinsi inavyochosha?"

Alitaka kucheka, nikaona, lakini hakucheka. "Nilikuwa nikijiambia kesho nitasema. Halafu kesho ikifika nauona mlango wenu, nasema kesho. Sasa siwezi tena. Nilimpa Shangazi neno langu. Kila nikikaa hapa nikishika mkono mzima, namdanganya mzee wa watu anayekaa hapo na pepeo akiniamini."

"Ukisema nimepona, unaondoka. Hurudi."

"Najua."

"Basi sema lile jingine kwanza," nikamwambia. "Lile unaloliondoa machoni kila siku. Liseme mara moja tu, ndipo uende."

Akanitazama. Hakuyaondoa macho safari hii. Nilihesabu moyoni, nikafika kumi na moja.

"Nikilisema hapa, nimevunja na lile neno lililobaki, la kutokukutongoza," akasema. "Sitaki uwe na mtu aliyekupata kwa kuvunja neno."

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilikasirika mpaka nikauvuta mkono wangu kwa nguvu, na mkono, mnafiki mkubwa, ukaja kwa wepesi wote bila kuuma popote. Nikamwambia basi aende, aende na neno lake, akalioe. Hapo hapo Shangazi akarudi, fagio mkononi, anahema, na Folau akasogea nyuma, akakunja miguu, akainamisha kichwa.

"Shangazi," akasema, "mkono umepona. Umepona muda. Mimi nilijua, nikaendelea kuja. Kosa ni langu."

Hasira zangu zikayeyuka zote. Nikasema hapana, kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa nikikaza, na hospitali walisema jana kwamba nimepona, nikawadanganya. Shangazi akakaa. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaliweka fagio chini taratibu.

"Umejua tangu lini?" akamuuliza Folau.

"Mwezi wa kumi."

"Na katika muda wote huo, ulimtongoza?"

"Hapana, Shangazi."

Akanigeukia mimi. "Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. "Hata kidogo. Na nafasi nilimpa."

Jikoni Mama alipaliwa na kitu. Shangazi hakucheka. Alichukua pepeo lake, akajipepea mara mbili tatu, akasema Jumamosi mchana Folau atashukuriwa kama ilivyo desturi, aje na watu wake. Folau akaitikia. Akatoka, akavaa ndara zake mlangoni, akaenda. Hakugeuka nyuma.

Ni lazima niseme kuhusu kushukuru. Kwetu aliyekufanyia jambo kubwa humwachi hivi hivi. Anapikiwa, anapewa mkeka mzuri, anahutubiwa mbele ya watu, na msemaji wake anajibu. Baada ya hapo deni halipo tena, kila mtu anashika njia yake kwa heshima. Wengine wanalilia kushukuriwa. Mimi Alhamisi na Ijumaa nililala kitandani nikiilaani Jumamosi. Mama alikuja akakaa pembeni yangu, akanisuka nywele kama mtoto, akaniambia nisikae na hasira, mwanamume aliyenisaidia vile anastahili uso wangu mzuri. Nikamwambia namshukuru kuliko anavyodhani. Namshukuru mpaka kifua kinauma. Sitaki tu iwe ndiyo mwisho. Mama akaniambia ameshazungumza na wifi yake usiku na mchana, na wifi yake hajibu, anajipepea tu.

Jumamosi ikafika. Maka na wenzake walichimba shimo la kupikia tangu alfajiri, wakafukia viazi vikuu, nguruwe mdogo, na vifurushi vya majani ya magimbi kwa tui. Sebuleni tulitandika mikeka pande mbili. Upande wetu tulijaa: Mama, Shangazi mbele kabisa, majirani, wanawake wenzetu wa kusuka, mimi nyuma yao. Maka akakaa nje ya mlango, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani.

Upande wa pili akakaa Folau, peke yake.

Alikuwa amevaa shati jeupe na mkeka wa kiunoni, ule tunaovaa kwa heshima kwenye shughuli, wa kuazima, mkubwa kwake, umemzunguka mara mbili. Mwenye karakana anakofanya kazi ndiye alikuwa amekubali kuja kumsemea, lakini asubuhi hiyo alikuwa ametumwa kupeleka mgonjwa kwa boti kisiwa cha pili. Folau alieleza hivyo kwa unyenyekevu, akaomba radhi. Ile mikeka mitupu kulia na kushoto kwake sikuweza kuitazama.

Mama akasimama kushukuru. Nilidhani atalia asimalize, lakini alimaliza. Alimshukuru kwa shati lililofunga mkono, kwa pole za kwenye mashimo, kwa siku zote za saa kumi, mvua na jua. Alisema mume wake hayupo, na kwamba katika miezi hii kuna siku alisahau kuwa nyumba haina mwanamume wa kuegemea. Akamwekea mbele mkeka wetu bora, ule alioanza kuusuka baba akiwa hai. Kisha akakaa.

Sasa msemaji wa mgeni alitakiwa ajibu. Mtu hajijibii mwenyewe shukrani zake, ni aibu, na kila aliyekuwa mle ndani alijua. Folau akaweka viganja vyote viwili juu ya mkeka. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mzee mmoja akakohoa. Mimi nilijiuma mdomo mpaka nikasikia chumvi ya damu.

Shangazi akasimama. Akauweka vizuri mkeka wake wa kiunoni, na mimi nikawaza, haya, anakwenda kufunga shughuli, na Folau atabeba mkeka wake aende. Lakini hakuhutubia. Alivuka. Alitembea hatua zake nzito katikati ya sebule, watu wakimpisha miguu, akafika upande wa pili, akajishusha akakaa bega kwa bega na Folau.



"Wifi," Mama akasema kwa woga, "upande wetu ni huku."

"Naujua upande wetu, nimezaliwa humo," akasema Shangazi. "Kijana huyu hana wa kumsemea. Nimekuja kumsemea mimi."

Akajibu shukrani. Alizijibu vizuri, kwa maneno ya heshima yote yanayotakiwa, kama mtu aliyetoka meli moja na Folau. Akausifu mkeka, akaisifu nyumba, akamsifu Mama. Watu wakaitikia. Kisha akajipepea.

"Nilisema kijana huyu hana watu," akaendelea. "Ilikuwa kweli. Mimi nina miaka sitini na nane, na wanaume walionidanganya wakinitazama usoni siwezi kuwamaliza kuwahesabu. Huyu angeweza kukaa kimya akaendelea kuja mpaka mwakani. Alijifukuza mwenyewe. Nilimwona akitoka mlangoni Jumatano, nikasikia vibaya, nimekuwa nikisikia vibaya mpaka leo asubuhi. Sasa ana mtu mmoja. Akimkosea binti yenu, njooni kwangu mnishtakie. Binti yenu akimkosea, mimi nitakuja kwenu, na mnanijua."

Akamgusa Folau begani. "Neno lako nimekurudishia, kijana. Lile ulilotaka kusema, liseme."

Folau aliinua kichwa. Alinitafuta nyuma ya mabega ya wanawake, akaniona.

"Nataka kuja saa kumi," akasema, "nisiondoke."

Wanawake wenzangu wa kusuka wakaguna wote pamoja. Mmoja akanifinya mgongoni.

"Basi, wifi," akasema Shangazi, "kwa niaba ya kijana wangu, nimekuja kumposa Lesieli."

Mama akanitazama. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Wa kujibu posa ya binti wa kaka yake ni shangazi, na shangazi alikuwa amekaa kule na waposaji. Watu wakatazamana. Nje Maka akakohoa, hakuingia. Nikaona kwamba tukiendelea hivi tutakaa mpaka chakula kioze, na mimi, ijapokuwa binti anayeposwa hutakiwa kuinama kimya, nikasimama.

"Shangazi," nikasema, "tangu nizaliwe sijaona mtu aliyekukatalia kitu katika nyumba hii. Mimi ni nani nianze leo?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, Mama akanikumbatia akanilowesha shingo yote. Kupitia juu ya bega lake niliona upande wa pili. Folau alikuwa ameinamisha uso juu ya mkeka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Shangazi hakumwambia nyamaza. Aliweka pepeo chini, akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.